Kilomita Hamsini za Kwenye Boksi

Boksi lilisema kilomita hamsini. Maneno yalikuwa makubwa, ya manjano, na chini yake kulikuwa na picha ya Mzungu amesimama juu ya mlima wenye theluji, redio ya mkononi iko mdomoni, anacheka. Ningepaswa kujua hapo hapo kwamba hayo mambo si yetu. Sachangwan hatuna theluji, tuna ukungu na matope, na sijawahi kuona mtu wa kwetu akiichekea redio.

Muuzaji wa duka lile la Nakuru aliniapia kabisa. "Mathe, hii ni moto," akasema, akiniita mama kwa lugha ya vijana wa mjini. "Ukiongea ukiwa hapa, mtu wa Naivasha anakusikia." Nikamwambia mimi sina mtu Naivasha. Nina baba, na kutoka nyumbani kwetu mpaka shamba la chini anakochungia kondoo hakuna hata kilomita tatu. Akanicheka. Akasema kilomita tatu ni kama kuongea na mtu mko naye jikoni. Nikazibeba mbili, na chaja yake, nikaenda zangu.

Wacha niseme kwa nini nilizitaka, ndiyo nieleweke.

Baba yangu alikuwa na miaka themanini na kitu. Nasema na kitu kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na hakika, na aliyemwandikia kitambulisho zamani hizo alikisia tu. Shamba letu ni kipande cha lile lililokuwa la mlowezi, ambalo yeye na wenzake walinunua kwa hisa wakiwa vijana. Nyumba iko juu, karibu na barabara kuu, mahali unaposikia malori yakishika breki mchana kutwa. Shamba la chini liko nyuma ya kilima, kando ya kijito, na kilima chenyewe kimejaa mikaratusi. Huko chini simu haishiki. Unaweza kuinua simu mpaka mkono ukauma, haitashika. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeacha kufundisha na kurudi nyumbani, kwa hivyo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na kondoo wake kumi na kitu ambao aliwapenda kuliko alivyowahi kukiri.

Mwaka uliotangulia alishikwa na kizunguzungu huko chini akaanguka. Alikaa kwenye matope nusu siku nzima kabla sijampata, akitetemeka, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba kondoo mmoja anachechemea. Kakangu mkubwa anaishi Nakuru, mtaa wa Section 58. Wiki hiyo hiyo alipanda na gari lake, akaketi sebuleni bila kuvua koti, akasema mzee anahamia kwake.

"Hapo kwako nitakuwa nakaa nikingoja nini?" Baba akamuuliza.

Kakangu akanigeukia, akaanza kuongea na mimi. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, na siku hiyo nilisema mengi. Nilimwambia yeye anamtaka Baba afungiwe ndani ya geti kama gunia la mahindi ndiyo yeye apate usingizi. Aliningoja nimalize. Kisha akasema jambo ambalo nililikubali mbele ya Baba, na Baba naye akalikubali.

"Sawa. Tafuta njia ya kuongea na mzee akiwa huko chini. Lakini siku ile hiyo kitu yako itakataa, mzee anakuja 58, na sitaki kelele ya mtu."

Kwa hivyo zile hazikuwa redio tu. Zikishika, Baba anabaki kwake. Zikikataa, anaenda kukaa mjini. Nilizipeleka nyumbani nimezishikilia kwapani kwenye basi kama mayai.

Siku ya kwanza ya kuzijaribu nilikaribia kuzitupa kwa choo. Baba aliteremka na yake, mimi nikabaki uani na yangu. Tulisikizana mpaka getini. Tulisikizana mpaka kwenye josho la ng'ombe. Alipopinda nyuma ya kilima, kwisha. Nikawa nasikia shhhh, kama mtu anakaanga kitunguu. Nikaita, nikaita, nikavua gambuti nikapanda juu ya stendi ya tangi la maji kwa soksi, nikaita tena. Hakuna kitu. Kilomita hamsini zilikuwa zimeishia kwa josho.

Kesho yake nilipanda kilima chenyewe, nikatokea upande ule unaoona bonde lote, na huko nikapata mambo ya ajabu. Nilipobonyeza tu na kusema halo, sauti ya mwanamume ikanijibu, safi kabisa, "Boss, hapo ni wapi?"

"Sachangwan," nikasema. "Na wewe?"

"Mimi niko huku chini, nyuma ya Njoro, kwa mawe."

Alikuwa anafanya kazi machimboni, wanachonga mawe ya kujengea. Aliniuliza kama huku kwetu kumenyesha, nikamwambia kumenyesha, akasema kwao ni vumbi tu. Alinisikia kutoka huko mbali ambako hata kwa gari ni mwendo, na babangu, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya mgongo wangu, chini ya ile mikaratusi, hakuwa ananisikia. Nilikaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika.

Lakini hapo ndipo nilipoanza kuzielewa. Hizi redio hazijali umbali sana. Zinachotaka ni kuonana. Ukiweka kilima katikati, au msitu wenye majani mabichi yenye umande, zinanuna. Ukiweka hewa tupu, zinaenda mpaka unashangaa. Yule Mzungu wa kwenye boksi alikuwa na haki ya kucheka, alikuwa amesimama mahali pa haki.

Tulimaliza wiki mbili tukitafuta mahali petu. Pangu palikuwa kona ya juu ya ua, nyuma ya tangi, nikisimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Pake palikuwa jiwe bapa upande wetu wa kijito, juu kidogo kwenye mteremko, mahali ambapo mikaratusi imeachana na kuacha mwanya. Kutoka kwenye lile jiwe mpaka kwenye kreti yangu sauti ilipita bila taabu. Siku ya kwanza ya kupata mahali hapo nilisikia kondoo akitafuna karibu na Baba. Lakini ukishuka kreti ukasogea hatua mbili kushoto, umekatika. Nilichora alama ya chaki ukutani kwa tangi, mvua ikaifuta, nikachora tena kwa rangi.

Kumfundisha Baba nako kulikuwa na yake. Mwanzoni alikuwa anaanza kuongea kabla ya kubonyeza, kwa hivyo nilikuwa napata mikia ya maneno. "...doo wako sawa." "...jito kimejaa." Nikamwambia, Baba, bonyeza kwanza, vuta pumzi, halafu uongee. Alishika haraka kuliko nilivyotarajia. Kilichomshinda ni lile neno la kuonyesha umemaliza, over. Alikataa katakata. Akasema hilo ni la polisi, na yeye hajakamata mtu. Basi tukakubaliana kusema haya. Unaongea, unasema haya, unaachilia kitufe. Na kabla ya yote alikuwa ananiita. Mimi nina jina la mamake mzazi, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, na tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mama. "Mama. Huku ni sawa. Haya." Hivyo tu, mara tatu kwa siku, saa nne, saa saba na saa kumi.

Hatukuwa peke yetu kwenye chaneli. Ng'ambo ya kijito kuna mashamba ya maua ya watu fulani, yale ya nyumba za nailoni, na soja wao, mlinzi wa hayo mashamba, alikuwa na redio ya namna yetu. Sijui kama tulimwingilia au alituingilia. Alikuwa anaongea na mwenzake wa getini mambo ya chai, ya nani amebaki na ufunguo, na ya mkewe aliyekuwa karibu kujifungua. Baba alipenda sana kumsikiliza. Jioni alikuwa anarudi na habari za soja kama mtu ametoka kwa baraza. Siku moja alifika akaniambia, kabla hata ya kuvua kofia, "Amepata msichana." Nikamuuliza nani. "Soja," akasema, na alikuwa amefurahi kweli.

Hiyo ilikuwa miezi mizuri, lakini sitaki mtu adhani nilikuwa na furaha tele. Kila siku saa nne ikikaribia nilikuwa nimeshapanda kreti. Julai baridi ya kwetu inaua betri. Unaitoa kwa chaja imejaa, unafika uani inalia. Nilikuwa nalala na betri za akiba ndani ya blanketi, na asubuhi namfungia Baba moja kifuani, ndani ya fulana, iwe na joto. Upepo ukivuma kutoka bondeni ulikuwa unaingia kwa redio yake na kumeza kila kitu. Mara mbili kitufe kilijikamata ndani ya koti lake, chaneli yote ikawa inasikiliza kondoo na kikohozi chake, na soja analalamika. Mara moja mlio wa kuita ulinikuta kwa choo, nikatoka mbio nimeshikilia sketi. Kakangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili na swali lake lilikuwa moja. Hakuuliza Baba anaendeleaje. Alikuwa anauliza, "Hiyo kitu bado inafanya kazi?" Nami najibu, "Inafanya." Baba alikuwa akisikia hivyo anaongeza kutoka kwa kiti chake, kwa sauti ya kusikika mpaka Nakuru, "Inafanya vizuri sana."

Tulikuwa na utaratibu wa betri. Yake ilikuwa iwashwe wakati wote akiwa chini, ndiyo aweze kuniita akipata neno. Yangu vilevile, mpaka aseme anarudi. Akishasema anarudi, nilikuwa naizima na kuiweka kwa chaja, maana njia yote ya kurudi iko nyuma ya kilima na huko haishiki hata ukilia. Mwendo wake wa kupanda ulikuwa wa dakika arobaini. Mimi nilikuwa naweka maji ya ugali, na maji yakichemka yeye yuko getini.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya Julai. Asubuhi ilikuwa na jua lile la uongo linalotoka kidogo halafu linajuta. Saa nne akaita. "Mama. Huku ni sawa. Wanakula. Haya." Nikamwambia, "Baba, naona ukungu unakaa vibaya huku juu. Ukishuka huko chini, usingoje saa kumi, rudi. Haya." Akasema amesikia.

Saa saba nilikuwa juu ya kreti yangu kabla hajaita. Ukungu ulikuwa umeshafunika barabara, malori yalikuwa yamewasha taa. Sauti yake ikaja, na naapa sijawahi kumsikia vizuri namna ile. Hakuna upepo, hakuna kukwaruza, hakuna neno lililokatika mkia wala kichwa.

"Mama. Huku ni sawa. Nakuja. Haya."

"Sawa Baba. Haya."

Nikashuka kwa kreti, nikazima redio, nikaiweka kwa chaja. Nikaweka maji ya ugali.

Maji yalichemka. Nikasonga ugali, nikaufunika. Nikakaanga sukuma, nikaifunika. Saa nane ikapita. Nilitoka mpaka getini nikaona ukungu mtupu. Nikarudi ndani, na nataka kuandika jambo hili kama lilivyokuwa kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo: sikuogopa. Nilikasirika. Nilijua amesimama mahali na mtu, anapiga hadithi za soja na mtoto wake, na chakula kinapoa. Nilitembea jikoni nikiongea peke yangu. Nilimsema kwa sauti. Redio ilikuwa kwenye chaja, mita moja kutoka kwangu, imezimwa.

Ilipofika saa tisa kasorobo nilianza kuvaa gambuti, bado nikinung'unika. Ndipo mtu akapiga geti. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la mvua la kazi, matope mpaka magotini, na redio imening'inia shingoni. Sikuwahi kumwona lakini alipofungua mdomo nikamjua kwa sauti. Alikuwa soja.

"Mathe," akasema, "mzee ameanguka huko chini. Yuko hai. Tumemfunika."

Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka wenzake wawili wakiwa wamepiga magoti karibu na Baba, chini kidogo ya lile jiwe letu, kwenye mteremko, na mguu wake wa kulia umeangalia mahali ambapo mguu hauangalii. Alikuwa amelowa. Midomo ilikuwa ya kijivu. Redio yake ilikuwa bado mkononi, taa ya kijani inawaka. Tulimlaza juu ya magunia mawili yaliyopitishwa fito, wakambeba wanaume watatu, na mimi nikabeba kofia yake. Kondoo walitufuata wenyewe.

Tukiwa tunapanda, soja aliniambia bila mimi kumwuliza. Alikuwa anahema.

"Nilikuwa namsikia tangu saa saba na kitu. Anaita mama, mama. Nikafikiria anakuita tu vile amezoea. Halafu nikaona hachoki. Na hakuna mtu anamjibu. Nikasema wacha nivuke nikaangalie."

"Alikuwa anasikika?" nikamuuliza.

"Vizuri kabisa, mathe. Kama tuko na yeye hapa."

Niliendelea kupanda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuona uso wangu, na nilishukuru.

Jirani mwenye pikapu alitupeleka hospitali. Mimi nilikaa nyuma na Baba, nimemkumbatia kichwa, nimemfunika kwa kila kitu tulichokuwa nacho. Alipopata joto kidogo alifungua macho.

"Nilikuita," akasema.

"Baba, si ulisema unakuja. Nilijua uko njiani."

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Kondoo wa mimba alikuwa ameteremka," akasema. "Nilikuwa naenda kumwangalia. Nikakuambia nakuja."

Nilifunga macho. Nikaelewa kila kitu, na sikutaka kukielewa.

Sisi watu wa huku bara ndivyo tunavyosema. Mtu akitoka chumbani, akienda dukani, akienda kujisaidia, akikuacha na chai yako mezani, anasema nakuja. Maana yake naenda na nitarudi. Nilifundisha na mwalimu mmoja wa kutoka Pwani ambaye hakuwahi kuzoea. Alikuwa anatuuliza, unakuja vipi na huku unanionyesha mgongo? Tulikuwa tunamcheka. Mimi mwenyewe nasema nakuja mara kumi kwa siku na sijawahi kukosana na mtu kwa neno hilo, kwa sababu anayeambiwa ananiona ninaelekea wapi. Kwa redio hakuna mgongo wa kuona. Baba alisimama juu ya jiwe akaniaga kwa adabu kama unavyoaga mtu mliyeketi naye, akashuka kumtafuta kondoo, akateleza. Mimi nikamsikia anarudi nyumbani, nikazima.

Aliniita muda wa saa nzima na zaidi. Soja alimsikia, na mwenzake wa getini alimsikia, na pengine yule wa mawe nyuma ya Njoro naye alimsikia, kama palikuwa na mwanya.

Hospitalini walisema ni mguu, umevunjika juu ya kifundo, na baridi imemwingia. Daktari alikuwa mpole. Alituambia si mbaya kama inavyoonekana, kwamba plasta ikitoka, miezi mitatu hivi, mzee atatembea na fimbo yake kama kawaida. Nilimwuliza mara mbili, kama kawaida? Akasema kama kawaida.

Kakangu alifika saa kumi na moja jioni, bado na tai ya kazini. Alinikuta kwenye benchi la ukumbini, gambuti zangu zimekauka matope.

"Ilikuwaje? Si mlikuwa na hiyo kitu yenu?"

Nimerudia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa na maneno. Ningesema, nilimsikia vibaya, nikazima. Ningesema, hiyo kitu ilifanya kazi kuliko mimi. Angenikaripia, na ningestahili, na labda tungekaa chini tukakubaliana neno jingine la kuaga, basi. Lakini nilimwona amesimama pale, msafi, na sura yake ya mtu aliyejua tangu mwanzo, na nikaona aibu. Sikumfikiria Baba. Nilijifikiria mimi.

"Redio ilikataa," nikasema.

Nilimngoja apige kelele. Hakupiga. Alishusha mabega, akakaa karibu nami, akanishika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mazishi ya Mama.

"Sawa," akasema. "Si makosa yako. Ulijaribu."

Hapo ndipo nilipokumbuka tulichokubaliana, na nikaona nilichofanya. Nilikuwa bado na nafasi. Tulikaa kwenye lile benchi karibu nusu saa, bega kwa bega, na mdomo wangu ulikaa umefungwa.

Asubuhi tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa amewekewa plasta nyeupe mpaka gotini, ameegemezwa kwa mito, amenyolewa ndevu na mtu asiyejua kunyoa. Alikuwa na njaa, jambo zuri. Nilimpa uji kwa kijiko ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Aliniacha nimpe. Kakangu alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda.

"Baba," akaanza, kwa upole kabisa, "hii plasta ikitoka hutarudi Sachangwan. Unakuja kwangu. Tulisema siku hiyo kitu itakataa, na sasa imekataa."

Baba alimeza uji. "Nani amesema ilikataa?"

Kakangu aligeuza kichwa. Aliniangalia tu mimi, na Baba akageuka akaniangalia pia.

Nilikuwa nimeshika kijiko. Niliangalia ndani ya kikombe. Nilikoroga uji uliobaki, Baba bado ananiangalia. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipaza sauti kutoka kwa kiti chake kila Jumapili kuisifu ile redio. Alikuwa ameshika mwenyewe ile redio yenye taa ya kijani saa nzima. Nilitaka aseme. Nilitaka aniumbue pale pale, mbele ya kakangu na mbele ya wagonjwa wote, nipumzike.

"Ni kweli," Baba akasema. "Ilikataa. Niliita, haikushika."

"Na ulikuwa unasema inafanya vizuri," kakangu akasema.

"Siku zingine."

Alinyoosha mkono akachukua kikombe kutoka kwangu, akamaliza uji mwenyewe, akapangusa mdomo kwa kiganja. Kisha akamuuliza kakangu kama hapo kwake kuna mahali mtu anaweza kuweka kiti nje.

Kakangu alinyoosha mkono kana kwamba geti lake liko pale.

"Hapo mbele," akasema. "Gari ikishatoka."